Meza ya kunolea yenye magurudumu

Meza ya kunolea yenye magurudumu ni meza ya karakana ya useremala inayobeba vifaa vyote vya kunolea zana, yaani cherehe, vinoo, maji au mafuta, tupa na ukanda wa ngozi, na ambayo inaweza kusukumwa kutoka sehemu moja ya karakana hadi nyingine. Hutumika hasa kwa patasi, visu vya randa na visu vya kuchongea.

Sababu za kuwa na meza ya pekee

Zana butu inahitaji nguvu nyingi kuliko zana kali, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza. Mbao nyingine humaliza makali upesi. Msaji una chembe za silika ndani yake, na mvule huwa na vipande vigumu kama mawe vinavyotokana na kalsiamu kabonati. Fundi wa mbao hizo hulazimika kunoa mara kadhaa katika siku moja. Kama vinoo viko ndani ya sanduku chini ya rundo la mbao, kwa kawaida ataahirisha kunoa na kuendelea kugonga patasi kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo kunoa si kazi ya kufanyia juu ya meza ya kuungia mbao. Chembe za kinoo zikianguka hapo hujipachika kwenye mbao, kisha randa ikipita huharibika tena. Maji yenye unga wa chuma yakigusa mbao yenye tanini nyingi huacha doa la rangi ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi, na doa hilo huingia ndani ya nyuzi. Cheche za cherehe nazo zinaweza kuwasha maranda na vumbi la mbao. Ndiyo maana kunoa hupewa mahali pake. Magurudumu huongezwa kwa sababu karakana nyingi ni ndogo, tena meza ikiweza kusukumwa hadi mlangoni au uani, cheche huruka mbali na mbao.

Historia fupi

Kunoa kwa gurudumu ni jambo la kale. Kitabu cha Zaburi cha Utrecht, kilichochorwa Ulaya katika karne ya 9, kina picha ya cherehe ya mawe inayozungushwa kwa mkono. Vinoo vya viwandani vilienea baada ya Mmarekani Edward Goodrich Acheson kupata hataza ya karabidi ya silikoni mwaka 1893.

Wazo la kumfuata mwenye zana badala ya kumsubiri linajulikana pia katika miji ya Afrika Mashariki, ambako wanoaji wa visu huzunguka mitaani na baiskeli. Baiskeli ikisimamishwa juu ya stendi yake, pedali huzungusha cherehe ndogo iliyofungwa juu ya fremu kwa njia ya mkanda. Stendi ndiyo sehemu muhimu: bila hiyo baiskeli ingeondoka pamoja na mnoaji.

Muundo

Ugumu wa kuijenga meza hii ni huohuo wa baiskeli. Inatakiwa isogee kwa urahisi, lakini wakati wa kunoa isitikisike hata kidogo. Mkono unapokwenda mbele na nyuma juu ya kinoo huisukuma meza kila mara, na meza ikiyumba, pembe ya makali hubadilika na ncha huwa ya mviringo.

Magurudumu madogo yenye breki ndiyo hutumiwa zaidi, ila breki nyingi huzuia gurudumu kuzunguka tu, wakati shina lake bado linaweza kugeuka. Hivyo meza hucheza kidogo ingawa breki zote zimefungwa. Inafaa kuchagua yale yanayofunga vyote viwili. Juu ya sakafu ya saruji yenye nyufa au ya udongo, gurudumu la milimita 50 hukwama. La milimita 100 hupita vizuri zaidi.

Njia nyingine, iliyo rahisi na mara nyingi bora, ni ya toroli. Magurudumu mawili hufungwa nje ya miguu ya upande mmoja, yakiwa juu ya sakafu kwa milimita chache. Upande wa pili huwekewa mikono miwili. Mtu akiinua mikono hiyo, meza huegemea magurudumu na kusogea. Akiishusha, miguu minne ya mbao hubeba uzito wote.

Uzito wenyewe ni msaada. Rafu ya chini hujazwa matofali au mfuko wa mchanga. Vinoo hupangwa ili msukumo wa mkono ufuate urefu wa meza, kwa kuwa meza hupinduka au kuyumba kwa urahisi zaidi upande wa upana wake.

Sehemu ya juu inaweza kutengenezwa kwa tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 18 zilizogundishwa na kupakwa vanishi. Ukingo huinuliwa kwa vipande vyembamba vya mbao ili maji yasimwagike. Kwa mtu wa kimo cha wastani, kimo cha sentimita 85 hadi 90 hufaa kwa vinoo. Kila kinoo hubanwa kati ya vipande viwili vya mbao kwa kabari.

Mpangilio wa vifaa

Vinoo huwekwa kuanzia chenye chembe kubwa hadi chenye chembe ndogo kabisa, kwa mfano namba 400, 1000 na 6000 au 8000, na ukanda wa ngozi mwishoni. Chombo hufutwa kabla ya kuhamia kinoo kinachofuata, maana chembe moja kubwa ikifika kwenye kinoo laini hukwaruza makali yote yatakayopita hapo. Kwa sababu hiyohiyo cherehe hukaa mwisho wa meza, ikitengwa na vinoo kwa ubao uliosimama.

Patasi na visu vya randa kwa kawaida husagwa kwa pembe ya nyuzi 25, kisha ncha pekee hunolewa kwa nyuzi 30. Kinoo cha kwanza hakiachwi mpaka ukingo mwembamba wa chuma uhisiwe kwa kidole nyuma ya ncha, kwenye upana wote wa kisu.

Cherehe ya umeme ya kasi kubwa, katika nchi zenye umeme wa hezi 50, huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Ya kasi ndogo ni karibu nusu ya hapo. Jiwe kavu hupasha ncha joto haraka. Feleji ya kaboni ikigeuka rangi ya buluu imekwisha kupoteza ugumu wake, na sehemu hiyo lazima isagwe iondoke. Chombo cha maji huwekwa karibu ili kupoza kisu kila baada ya miguso michache. Swichi na plagi zifungwe mahali pasipofikiwa na maji.

Usalama

Jiwe la cherehe likiwa na ufa linaweza kupasuka likizunguka. Kabla ya kulifunga, jiwe huning'inizwa na kugongwa polepole kwa mpini wa mbao: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kasi iliyoandikwa juu yake isiwe ndogo kuliko ya mashine. Nafasi kati ya jiwe na kiegemeo cha zana isizidi milimita 3, na mtu asisimame mbele ya jiwe wakati mashine inapowashwa. Miwani ya kinga huvaliwa, lakini glovu na nguo zinazoning'inia haziruhusiwi. Bomba la mashine inayofyonza vumbi la mbao halipaswi kuunganishwa na cherehe, kwa kuwa cheche moja ndani ya mfuko wa vumbi inaweza kufuka kwa saa nyingi na kuwaka baada ya karakana kufungwa.