Kasi ya Tarakilishi: Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Miongoni mwa maneno ambayo biashara ya siku hizi imeyatumia mpaka yakachoka, sidhani kuna lililochoshwa kuliko neno "kasi". Ingia katika duka la tarakilishi, liwe la Barabara ya Luthuli jijini Nairobi au la mji mwingine wowote nchini, uulize kuhusu mashine iliyo mbele yako, nawe aghalabu utajibiwa kwa nambari: gigahezi tatu nukta nne. Muuzaji huitamka nambari hiyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza hoja, naye mnunuzi huitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini suala hili ni la maana ya maneno kabla halijawa suala la umeme, na wanaoligharimia ni vijana wetu. Wanafunzi wanaopenda michezo ya tarakilishi huweka akiba kwa miezi mingi, shilingi juu ya shilingi, kisha fedha hizo zikaishia katika mashine ambayo jina lake ni kubwa kuliko kazi yake. Wahenga walinena kwamba cha mlevi huliwa na mgema. Katika soko hili, ulevi wenyewe ni kutojua kusoma lebo.

Tuanze na hiyo nambari. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya tarakilishi, hufanya kazi kwa midundo, na gigahezi moja ni midundo bilioni moja kwa sekunde. Gigahezi basi hutueleza mdundo hupigwa mara ngapi. Hazituelezi hata chembe ni kazi kiasi gani hufanyika katika kila mdundo. Mfikirie hamali wa mkokoteni katika soko la Marikiti. Ukiambiwa kwamba huyu huenda safari kumi kwa siku na yule safari nane, huwezi kujua ni nani aliyehamisha viazi vingi zaidi mpaka ujue kila mmoja hupakia magunia mangapi. Idadi ya safari ni nusu ya habari tu, na anayekupa nusu ya habari kisha akakulipisha nzima anakupunja.

Kampuni zinazounda prosesa zililijua jambo hili zamani. Mwaka wa 2001 AMD ilitoa prosesa iliyoitwa Athlon XP 1800+, ambayo midundo yake ilikuwa gigahezi 1.53 tu. Ile 1800 haikuwa hesabu ya midundo, bali dai la ubora, kwa kuwa prosesa hiyo ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila mdundo kuliko Pentium 4 ya mpinzani wake, Intel. Intel nayo iliendelea kuikimbiza nambari mpaka Pentium 4 ikafika gigahezi 3.8 mwaka wa 2004. Mwaka huohuo iliufuta mpango wake wa kutoa ya gigahezi 4, maana joto na umeme vilikuwa vimezidi kipimo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka wa 2006 Intel hiyohiyo ilitoa prosesa za Core 2 Duo, ambazo za kwanza hazikufika hata gigahezi 3, nazo zikaziacha zile Pentium nyuma sana.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka wa 2022. AMD ilikuwa tayari ikiuza Ryzen 7 5800X, yenye viini vinane na uwezo wa kufika gigahezi 4.7. Ikaongeza ndugu yake, 5800X3D, yenye viini vinane vilevile lakini inayokomea gigahezi 4.5. Kwa hesabu ya muuzaji wetu, huyo mdogo ni wa polepole. Katika michezo mingi, la hasha! Alimshinda kaka yake, kwa sababu alipewa megabaiti 96 za kache badala ya 32. Kache ni ghala dogo lililo ndani ya prosesa yenyewe, na michezo hupenda sana kuwa na vitu vyake karibu.

Sasa tuje kwenye majina, ambako mwanaisimu ana haki ya kusema zaidi. Kila mwanafunzi wangu anajua kwamba neno "mrefu" halina kipimo chake lenyewe. Mtoto mrefu wa chekechea hafiki mabegani mwa mtu mfupi wa timu ya mpira wa vikapu. Majina i3, i5 na i7 ni ya aina hiyo: ni vyeo ndani ya kizazi kimoja, wala si vipimo vya kudumu. Core i7-2600 ilikuwa miongoni mwa prosesa za hadhi ya juu ilipotoka mwaka wa 2011. Ina viini vinne, nyuzi nane za kazi, na gigahezi 3.4 kwenye lebo. Core i3-12100F ilitoka mwaka wa 2022. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na lebo yake husema gigahezi 3.3. Msomaji, ukiziweka lebo hizo mbili juu ya meza, ile ya kwanza inashinda kwa cheo na kwa nambari. Ukiziweka prosesa zenyewe katika mchezo mmoja, hiyo i3 itaiacha i7 mbali sana. Miaka 11 ya uhandisi haimo katika herufi "i" wala katika tarakimu ya 7.

Kizazi kimefichwa katika tarakimu zinazofuata kistariki: 2600 ni kizazi cha pili, 12100 ni cha 12. Kuna pia herufi za mwishoni, ambazo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna udhuru wa kuzipuuza. Lugha yetu ni lugha ya viambishi. Tunajua kwamba kati ya anayepiga na anayepigwa pana sauti moja tu ya tofauti, na kwamba sauti hiyo ndiyo huamua nani atalia. Vivyo hivyo, herufi F katika prosesa za Intel hukuonya kwamba haina uwezo wake wa kuchora picha. Ukikosa kadi ya grafiki, skrini yako itabaki giza. Herufi U kwenye vipakatalishi huashiria prosesa ya kubana matumizi ya umeme. Core i7-7500U ya mwaka wa 2016 ina viini viwili tu, ilhali Core i5-8250U ya mwaka uliofuata ina vinne. Aliyelipa zaidi kwa sababu ya ile saba alinunua nusu ya viini.

Baada ya kuyajua hayo, kijana mwenye fedha kidogo afanye nini? Kwanza, asinunue chochote mpaka ajue ni nini kinachomchelewesha. Mchezo ni mfululizo wa picha, yaani fremu. Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila moja lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Prosesa hukokotoa nani yuko wapi na nini kimetokea. Kadi ya grafiki huchora. Mmoja akichelewa, mwenzake humngoja. Jaribio la kumtambua mzembe halina gharama: punguza idadi ya nukta za picha katika mchezo, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Mchoraji amepunguziwa kazi kwa zaidi ya nusu. Fremu zikiongezeka sana, basi kadi ndiyo iliyokuwa ikichelewesha, na prosesa mpya ingekuwa hasara. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo ya kutiliwa shaka. Hata hapo, tazama kwanza kama kumbukumbu ya mashine ni kipande kimoja tu pale panapotakiwa viwili. Kipande cha pili aghalabu ni nafuu kuliko prosesa.

Pili, aujue ubao mama wake. Kila ubao una soketi yake, na prosesa isiyolingana na soketi hiyo ni pambo la mezani. Hapa ndipo unafuu wa kweli unapopatikana au kupotea. Mwenye ubao wa soketi ya AM4 na prosesa ya Ryzen 5 1600 ya mwaka wa 2017 anaweza mara nyingi kuitoa na kutia Ryzen 5 5600 ya mwaka wa 2022. Viini ni sita kwa sita, lakini mchezoni tofauti ni ya usiku na mchana, na ubao, kumbukumbu na sanduku vinabaki vilevile. Sharti ni moja: mtengenezaji wa ubao awe ameitaja prosesa hiyo katika orodha yake, na programu ya ubao isasishwe kabla ya ile ya zamani kung'olewa. Mwenye i7-2600, kwa upande mwingine, hana pa kwenda bila kubadilisha ubao na kumbukumbu pia. Afadhali aihifadhi akiba yake mpaka itoshe vyote vitatu. Na mwenye kipakatalishi akumbuke kwamba katika vingi vya siku hizi prosesa imelehemewa, haibadilishwi.

Tatu, wanaonunua mashine za ofisi zilizokwisha kutumika ng'ambo waulize kizazi kabla ya bei. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Mashine ya rahisi iliyoachwa nje ya mlango huo si rahisi tena.

Najua wapo wazazi watakaosema kwamba michezo ni upuuzi, na kwamba mhadhiri angeshughulikia mambo mazito zaidi. Nawajibu kwamba fedha inayopotea dukani haina mchezo, na kwamba anayekubali nambari moja bila kuuliza inapima nini atakubali pia riba ya mkopo na bei ya mbegu kwa mtindo huohuo.

Wauzaji nao nawaomba jambo dogo. Kwenye kila mashine waandike, kwa Kiswahili, jina kamili la prosesa, mwaka ilipotoka, idadi ya viini na soketi. Kibandiko cha mistari minne kinatosha. Kuna maelezo kwamba neno letu "tarakilishi" liliundwa kutokana na tarakimu na akili. Tarakimu tumeuziwa za kutosha. Sasa tunadai kile kipande cha pili cha neno, na tusitoe shilingi mpaka tukipate.