Injini ya Prado la mzee: tulianza na bei, tukajuta

MZEE alipostaafu na kurudi Nyeri, alituachia Prado la mwaka wa 1997, funguo mbili na onyo moja: “Hilo gari likichemka, simameni.”

Hatukusimama. Jumapili moja tulikuwa tukitoka Naivasha, nyuma tumepakia spika, jenereta na mahema ya harusi ya watu. Tukipanda mlima wa Mai Mahiu, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Kakangu, ambaye hutumia gari hilo kwa biashara yake ya kukodisha vyombo vya muziki, akasema tufike juu kwanza ndipo tuangalie. Tulifika juu kweli, lakini kwa mvuke mtupu, na injini hiyo haikuwaka tena.

Mafundi wanaoijua 1KZ-TE hawatashangaa. Ni dizeli ya turbo yenye silinda nne na ukubwa wa cc 2,982. Ina nguvu na haina maringo, ila ugonjwa wake unajulikana: ikichemka sana, silinda hedi hupasuka. Yetu ilipasuka, na pistoni mbili zikakwaruza kuta za silinda. Fundi alipiga hesabu ya kuirekebisha akatikisa kichwa. Afadhali mtafute injini nyingine, akasema.

Kakangu alikuwa tayari amepokea malipo ya awali ya harusi nne. Bila gari, pesa hizo zingerudishwa, na sehemu yake alikuwa ameshanunua amplifaya. Ndiyo sababu tulikimbia kabla ya kuuliza maswali.

Ukisema unatafuta injini, kila mtu mtaani huwa injinia. Jirani alitushauri tuweke 1KD kwa kuwa ni ya kisasa zaidi. Mjomba, ambaye amewahi kuendesha Land Cruiser za kazi huko kaskazini, aliapa kwamba hakuna injini duniani isipokuwa 1HZ. Mwingine akataka tuhamie petroli kabisa.

Si kwamba walikuwa wakidanganya. 1KD-FTV ni injini nzuri, na Toyota wenyewe waliiweka kwenye Prado la umbo hilohilo kuanzia mwaka wa 2000. Shida ni kwamba mafuta yake husukumwa kwa presha ya juu sana na kila noseli huamrishwa na kompyuta. Ukiinunua peke yake umenunua chuma. Utahitaji kompyuta yake, waya zake zote, pedali yake ya mafuta, na mtu anayeweza kuviunganisha na dashibodi ya gari la 1997 bila kuacha taa tatu zikiwaka daima.

Nayo 1HZ haina mambo ya kompyuta, na ndiyo maana watu wa mashambani wanaipenda. Lakini ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja na cc 4,164. Ni ndefu na nzito. Ndani ya Prado utaanza kuhamisha rejeta, kutengeneza vishikizo vipya vya injini na kutafuta giaboksi inayokubaliana nayo. Huo ni mradi wa mtu mwenye gari lingine la kwenda kazini.

Kumbe jibu lilikuwa chini ya boneti muda wote. Magari ya Toyota yana kibati chenye msimbo wa modeli. Letu linasema KZJ95. Herufi mbili za kwanza ndizo familia ya injini: KZ ni 1KZ. Ukiona KDJ95, gari lilizaliwa na 1KD. RZJ95 ni petroli ya 3RZ, cc 2,693, na VZJ95 ni petroli ya V6, cc 3,378. Piga picha kibati hicho, kisha piga picha ya nambari iliyochongwa kwenye bloku ya injini, kabla hujapanda matatu kwenda Kirinyaga Road.

Sisi tulipanda matatu na neno “1KZ” tu kichwani. Muuzaji wa kwanza alikuwa na moja safi iliyotoka kwenye Prado. Wa pili alikuwa na 1KZ-TE pia, bei ikiwa chini kwa elfu hamsini. Unadhani tulichukua ipi?

Ilikuwa imetoka kwenye gari la abiria, zile van. Injini ni ileile kwa jina na kwa ukubwa, lakini sampu yake ya oili ina umbo lingine, vishikizo havilingani na chasisi ya Prado, na mabomba ya hewa yanaelekea kwingine. Fundi aliishusha kwa winchi, akaitazama, akaipandisha tena.

Haikuwa hasara ya kutupa, kwa bahati. Sampu yetu ya zamani na bomba lake la kufyonza oili vilihamishiwa kwenye injini mpya (vihame pamoja, ukihamisha kimoja unaiua injini kwa kiu). Vishikizo na mabomba ya hewa vikafuata. Halafu likazuka jambo la giaboksi. Injini ile ilitoka kwa gari la otomatiki, letu ni la klachi. Sahani ya nyuma ya otomatiki ni nyembamba na haibebi klachi, kwa hivyo ilibidi tufungue flaiwili yetu. Elfu hamsini tulizookoa zilimezwa na kazi ya ziada, na harusi mbili kati ya zile nne zilienda kwa mshindani.

Mwenye lori pia asidhani hayamhusu. Canter nyingi zilizozeeka hapa nchini zina 4D32 ya cc 3,567, na wenyewe hupenda kupanda hadi 4D33 ya cc 4,214 kwa sababu ya milima na mizigo. Ni mabadiliko ya kawaida gereji, lakini kuna lori za volti 12 na za volti 24. Starta na alteneta zikija na injini, soma volti zake kwanza.

Injini ikiwa chini pale dukani, usikubali tu kuambiwa “hii ni mpya, ex-Japan”. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nenda zako. Zungusha kranki kwa spana uone kama inageuka bila kukwama. Omba compression ipimwe kwenye kila silinda, maana silinda moja ikiachwa mbali na wenzake kuna kitu kinafichwa. Na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti. Ahadi ya mdomo haivuki hata mtaro wa Kirinyaga Road.

Kabla haijaingia kwenye gari, badilisha taimingi belti, pampu ya maji, thamosta na sili ya nyuma ya kranki. Kazi hiyo ni rahisi injini ikiwa nje, ni balaa ikiwa ndani.

Jambo ambalo karibu litupite kabisa ni lile lililoua injini ya kwanza. Rejeta yetu ilikuwa imeziba nusu. Kama fundi hangeikata na kutuonyesha matope yake, tungeifunga ileile mbele ya injini mpya na kurudi Mai Mahiu kuipasua pia. Tulinunua rejeta nyingine, na feni ikakaguliwa kama inavuta sawasawa.

Lipo pia suala la karatasi, na hapa vijana wengi hulala. Kitabu cha gari kina nambari ya injini. Ukibadilisha injini, nambari hiyo haifanani tena na iliyo chini ya boneti, na siku ya ajali, ya kuuza gari au ya kukaguliwa na polisi utaulizwa. Mabadiliko huombwa NTSA, gari linakaguliwa, na unahitaji kuonyesha injini ilitoka wapi. Kwa hivyo dai risiti yenye nambari ya injini na nakala ya karatasi za forodha siku hiyohiyo ya kununua. Ukirudi baada ya miezi mitatu, duka huenda limekuwa la simu.

Sisi tulizidai kwa sababu mathe alisimama mlangoni mwa duka akakataa kutoka bila karatasi.

Mzee alikuja kuliona gari mwezi uliopita. Hakuuliza kuhusu injini. Aliinama kwenye rejeta, akagusa mpira wa maji, akaangalia kama kuna mahali panapovuja. Kisha akaketi mbele, upande wa abiria, akamwambia kakangu aendeshe taratibu na macho yake yawe kwenye mshale.