Hesabu ya Doti Zilizopita Ugogo

Mama akienda dukani kununua khanga, huomba doti moja. Neno hilo lilikuwa kipimo cha hesabu za safari zamani, kabla shilingi haijafika kwetu.

Mwaka 1871 Bwana Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliwauliza wafanya biashara wa Unguja gharama za msafara, akaziandika katika kitabu chake. Wakamwambia, watu 100 watakula kwa doti 10 kila siku. Basi kwa mwaka anunue merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi doti 650. Mimi kazi yangu ni madaftari, nikazijumlisha: doti 3,650. Gawanya kwa siku 365, unapata 10 kamili, wala hapana baki. Wale hawakuwa watu wa kubahatisha!

Shuka ilikuwa yadi 2, na doti ni shuka mbili, yaani yadi 4. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, ndiyo ratili 70. Merikani ililetwa na merikebu za Marekani, hasa za mji wa Salem, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe kule, 1861 mpaka 1865, pamba ikaadimika na nguo hiyo ikapungua Unguja.

Lakini mwenye nguo hakuwa na neno la mwisho. Kila nchi ilichagua yake. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo. Makabila mengine hawakuzitaka hata kidogo. Aliyekosea kununua pwani alibeba mzigo wa bure, na watu wake wakalala njaa.

Tena Ugogo palikuwa na hongo. Kila mtemi alidai nguo zake kabla msafara haujapita. Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kwa hasira kwamba huu ni unyang'anyi. Mimi sikubaliani nao. Nchi yetu ni kavu, nanyi mnajua taabu ya kuchimba kisima. Msafara wa mamia ya watu na punda ukifika kiangazi, hunywa maji ya kijiji kizima. Je, wanywe bure? Katika daftari za msafara hongo iliandikwa kuwa hasara. Kwa mtemi ilikuwa bei ya maji, na alipokea shuka baada ya kuzipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole.