Mtoto Mwenye Kisukari na Miezi ya Njaa

Tangu Januari mpaka Aprili, hapa Daudi na vijiji vya jirani, akiba ya chakula huwa imepungua na mahindi mapya bado yako shambani. Watoto hukonda, wala hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana tumeona tuzungumze juu ya mtoto ambaye kukonda kwake si kwa njaa tu.

Wengi hudhani kisukari ni ugonjwa wa watu wazima wanene. Sivyo. Kisukari cha utotoni huja pale kongosho linapoacha kutengeneza insulini, ambayo kazi yake ni kuuwezesha mwili kutumia sukari itokanayo na chakula. Mtoto hula ugali akashiba, lakini sukari huzunguka bure katika damu na kutoka na mkojo. Basi ukiona mtoto anakonda huku anakunywa maji mno na kukojoa mara kwa mara, au amerudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, usiseme ni njaa. (Wazee walijua zamani kwamba sisimizi hukusanyika penye mkojo wa namna hiyo.) Akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mzazi aombe apimwe sukari, maana wapo wanaotibiwa malaria peke yake mpaka wamechelewa.

Kabla ya insulini kupatikana, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwanyima chakula watoto hawa ili waishi miezi michache zaidi. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 alichomwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Tangu hapo mtoto mwenye kisukari hana budi kula. Na hapo ndipo shida yetu ilipo, kwani sindano hupimwa kulingana na chakula. Kipimo cha siku ya ugali na maharage, kikitumika siku ya uji mwepesi, huishusha sukari mno. Mtoto hutetemeka, hutoka jasho, hukasirika bila sababu, huongea ovyo, hata kuanguka na degedege. Majirani husema ni kifafa au amerogwa. Mpeni upesi vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha chakula. Akiwa amezimia msimmiminie kitu mdomoni: mlazeni ubavu, mpakeni sukari au asali kwenye fizi, mkimbizeni hospitali.

Wazazi wengine, wakiona hakuna chakula, huacha sindano kabisa. Tunaielewa hofu yao, lakini ni kosa linaloua. Hata asiyekula anahitaji insulini, ila kwa kiasi kingine. Kiasi hicho msikibuni nyumbani. Siku ya kliniki mwambieni mganga bila aibu, "Nyumbani tunakula mara moja kwa siku, siku kama hiyo nimchome kiasi gani?" Tunajua mama anavyoona haya kusema hivyo mbele ya watu. Aseme tu.

Kwaresima nayo huangukia miezi hiyo hiyo. Watoto hupenda kuiga wakubwa, na mwenye kisukari aweza kuchomwa sindano asubuhi kisha akaficha kwamba hakula. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252, inawadai kufunga waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, na hata hao mgonjwa hudhuriwa. Katekista akiwaeleza watoto jambo hili kabla ya Jumatano ya Majivu atakuwa ametibu.

Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi hukusanya mahindi wakati wa mavuno, kila nyumba inapokuwa nayo. Kama jumuiya yenu ina mtoto wa namna hii, tunashauri debe lake liwekwe kando mpaka Machi. Mwalimu wake naye aambiwe, aruhusu mfukoni mwa mtoto kuwe na sukari kidogo iliyofungwa katika karatasi.