Vazi la Jinsia Nyingine: Sababu Haiko Moja
Mwaka 1910 daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu watu 17, wanaume 16 na mwanamke mmoja, waliopenda kuvaa mavazi ya jinsia nyingine. Badala ya kuwahukumu, aliwasikiliza wajieleze. Wengi wa wanaume hao walivutiwa na wanawake, na baadhi walikuwa na wake. Hivyo vazi pekee halikutosha kumweleza mvaaji.

Sababu ni nyingi hadi leo. Yuko apataye utulivu wa moyo, yuko asisimkwaye kimwili, yuko mwigizaji wa jukwaani, na yuko ambaye vazi humwonyesha vile anavyojitambua. Sababu hizo huweza kuchanganyika, au kubadilika kadiri umri unavyosonga.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, haihesabu tena uvaaji huo kuwa maradhi. Kinachostahili tiba ni dhiki inayoweza kuandamana nao: hofu, aibu, sonona, au siri inayoitikisa ndoa. Afikaye kliniki na mzigo huo humhitaji kwanza mhudumu amwulizaye kwa upole, amsikilizaye na kumtunzia siri.