Pima Kwanza: Kurekebisha Shokabzoba za Pikipiki ya Zamani Nyumbani

Pikipiki ya zamani ikianza kugonga nyuma kila inapopita tuta, ushauri wa kwanza utakaoupata hapa Ruring'u, Nyeri, ni kwamba uipeleke ikaongezwe chuma. Mmoja atakuambia uweke springi ngumu. Mwingine atataka kuchomelea vipande vya kurefusha shokabzoba ili mkia uinuke. Wa tatu atashauri uongeze shokabzoba ya pili kando ya ile ya kwanza. Wote wanakutakia mema, lakini ni nadra kumpata anayeanza kwa kupima, na hatari huingilia hapo.

Nina Honda CG125 niliyoachiwa na baba. Honda waliibuni pikipiki hii miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni mnyama wa kazi, hubeba mizigo mizito na oili hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Injini yake iliigwa sana China, na ndiyo maana mngurumo wake bado unasikika katika pikipiki nyingi za bodaboda. Nyuma ina shokabzoba mbili, moja kila upande, sawa na pikipiki nyingi za kazi zinazopanda na kushuka Nyeri leo. Kwa hiyo haya ninayoyasema yanamhusu mpenda pikipiki kongwe, na pia yanamhusu kijana wa stejini.

Eneo letu ni la migongo na mabonde. Ukitoka mjini kuelekea Tetu au Othaya, ni kupanda na kushuka. Mtungi wa maziwa wa lita 50 ukijaa huzidi kilo 50, nao kwa kawaida hufungwa kwenye keria, nyuma ya ekseli. Chukua pikipiki yenye mita 1.3 kati ya ekseli mbili. Kilo 50 zikikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele hupunguziwa karibu kilo 11 na nusu. Mpandaji huona usukani umekuwa mwepesi, akadhani shokabzoba zimekufa. Huenda tiba ni kuusogeza mzigo mbele tu, bila kugusa hata nati moja.

Ili ujue cha kurekebisha, elewa kwanza kwamba shokabzoba ina kazi mbili. Springi hubeba uzito. Ndani ya shokabzoba mna pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vidogo, na kazi ya oili hiyo ni kuituliza springi isirukeruke, huku nguvu ya mrusho ikigeuka joto. Ukiweka springi ngumu juu ya oili iliyokwisha, umeongeza nguvu ya kurusha bila kuongeza ya kutuliza. Gurudumu litaruka juu ya changarawe, na tairi iliyo hewani haishiki breki wala kona.

Kurekebisha nyumbani si kosa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, pikipiki nyingi za mbio hazikuwa na springi nyuma kabisa, au zilikuwa na springi fupi zisizotuliza kitu. Rex McCandless wa Belfast, fundi aliyejifunza kwa mikono yake, alijiundia pikipiki yenye mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, akaufungia shokabzoba za oili zilizotoka kwenye gari la Citroën. Kazi yake ndiyo iliyozaa fremu maarufu ya Norton, iliyoitwa Featherbed, yaani godoro la manyoya. Mwaka 1950 mwanambio Geoff Duke aliitumia kushinda mbio kuu za kisiwa cha Man. McCandless alifaulu kwa sababu aliitazama pikipiki nzima: fremu, mkono, springi na mpandaji. Huo ndio moyo ninaotaka tuuige.

Basi anza na ukaguzi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Shika ncha ya mkono wa nyuma, usukume kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, bushi zimelika, na hakuna shokabzoba mpya itakayoponya mwendo wa nyoka. Kisha ishushe, kandamiza kiti kwa nguvu na uachie. Inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda na kushuka tena na tena, oili haifanyi kazi. Ukiona oili imechuruzika kwenye chuma cha katikati, sili imekwisha. Badilisha shokabzoba zote mbili kwa pamoja, kwani moja mpya na moja kuukuu huukunja mkono na kuvuta pikipiki upande.

Sasa chukua tepu ya kupimia na uombe watu wawili wakusaidie. Weka alama kwenye madigadi, wima juu ya ekseli ya nyuma. Pima kutoka ekseli hadi alama mara tatu: gurudumu likiwa hewani, pikipiki ikiwa imesimama peke yake, na wewe ukiwa umekaa juu yake na nguo zako za safari. Toa kipimo cha tatu kutoka kwa cha kwanza. Kwa pikipiki ya barabarani, ukikuta imezama milimita 25 hadi 35, au karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, uko pazuri. Ikizama zaidi, zungusha ringi yenye ngazi iliyo chini ya springi, pande zote mbili kwa ngazi sawa, upime tena.

Hapa pana jambo ambalo wengi hukosea. Kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunaiinua pikipiki tu. Ukiwa umekaza hadi ngazi ya mwisho na bado unazama mno, au ikiwa pikipiki peke yake haizami hata kidogo lakini wewe ukikaa inazama yote, springi ni dhaifu kwa uzito wako. Wakati huo ndio wa kutafuta shokabzoba yenye springi nzito zaidi, yenye urefu uleule kutoka tundu hadi tundu.

Urefu huo una uzito wake. Ukiinua nyuma kwa milimita 20, uma wa mbele husimama wima zaidi kwa karibu digrii moja. Usukani unakuwa mwepesi kugeuka, na kwenye mteremko ukifunga breki ya mbele uzito zaidi unakimbilia mbele. Cheni nayo hubadili pembe na inaweza kuanza kuusaga mkono wa nyuma. Stendi ya pembeni inakuwa fupi. Ukishusha nyuma, tairi hugonga madigadi ukiwa na abiria. Kila ukibadilisha shokabzoba, kagua ulegevu wa cheni pale ambapo ekseli, egemeo la mkono na sproketi ya mbele viko katika mstari mmoja, maana hapo ndipo cheni hukaza zaidi.

Kuna mambo matatu ambayo sitayafanya nyumbani, na ninakusihi nawe usiyafanye. Usichomelee mahali shokabzoba inaposhikwa kwenye fremu wala kwenye mkono. Joto hudhoofisha chuma chembamba kando ya mshono, na ufa huanzia hapo, chini ya rangi, usionekane. Usitoboe wala kupasha moto shokabzoba yenye gesi, kwa kuwa ndani mna naitrojeni iliyoshindiliwa. Wala usifungue springi kwa kamba na bisibisi. Springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja mkono au kutoboa jicho. Tumia kibanio chake, au mlipe makanika aliye nacho.

Ukimaliza kufunga, weka nati mpya zenye plastiki ndani na ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Panda peke yako kwanza, polepole, mahali tambarare. Mimi huanzia barabara iliyo karibu na uwanja wa Ruring'u. Baada ya kilomita 50, kagua kila nati tena. Mwisho kabisa ndipo umbebe abiria, naye awe mmoja tu, kama Sheria ya Trafiki inavyoagiza.

Vijana wetu wa bodaboda hubeba watoto wa shule, akina mama wanaokwenda kliniki na wazee wanaotoka sokoni. Wanaokaa kiti cha nyuma hawana namna ya kujua kilichochomelewa chini yao, wamekuamini wewe. Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hujampelekea mtu wa kuchomelea pikipiki yako, toa tepu, weka alama, pima mara tatu na uandike vipimo hivyo kwenye daftari.