Je, Wajua? Elektroni Moja, Njia Mbili

Je, wajua kwamba kutu ya bati, pumzi yako na betri ya gari vyote vinaendeshwa na jambo lile lile? Yupo anayetoa elektroni na yupo anayepokea. Anayetoa husemwa ameoksidika, hata pale ambapo oksijeni haikuwapo kabisa.

Je, wajua kwamba chuma humpa chuma mwenzake elektroni bila wewe kuona chochote? Changanya majini ayoni za chuma zenye chaji mbili na zenye chaji tatu. Elektroni zitahama mfululizo, lakini ukipima mwanzo na ukipima mwisho, hesabu ni ile ile. Wanakemia walifanikiwa kuufuatilia uhamisho huo walipotia isotopu zenye mnururisho, wakaona ni chuma kipi kimebadilika.

Je, wajua kwamba elektroni ina njia mbili za kuvuka? Ya kwanza ni ya daraja, na aliyeithibitisha ni Henry Taube, mzaliwa wa Saskatchewan, Kanada. Mwaka 1953, akiwa Chicago, yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo mimi sijaona la kulishinda kwa ujanja. Walichukua kobalti yenye chaji tatu, iliyozungukwa na amonia tano na klorini moja, rangi yake zambarau. Wakaichanganya na kromi yenye chaji mbili, ya samawati, ambayo lazima ikingwe isiguswe na hewa. Elektroni ikahama, na kromi ikageuka kijani, klorini ikiwa imeshikamana nayo.

Hapo ndipo penye utamu. Kobalti ya chaji tatu haiachii upesi ilichokishika. Kromi nayo, ikishatoa elektroni na kuwa ya chaji tatu, haipokei mgeni kwa haraka. Klorini ilipitaje basi? Haikosi palikuwa na dakika ndogo ambapo metali zote mbili ziliishika kwa pamoja, elektroni ikapita juu yake. Na ili mbishi asipate pa kusimama, waliweka majini kloridi nyingine yenye mnururisho. Karibu yote ilibaki majini; klorini iliyokutwa kwenye kromi ilitoka moja kwa moja kwa kobalti. Taube alipewa Nobel mwaka 1983.

Njia ya pili haina daraja: elektroni inaruka. Kuruka kwenyewe si kazi. Elektroni ni nyepesi kuliko protoni kwa zaidi ya mara 1,800, hivyo huvuka kabla viini vya atomu havijawahi kusogea. Kinachochelewesha ni matayarisho. Molekuli za maji zilizozunguka pande zote mbili hazina budi kujipanga upya, nishati ilingane, ndipo elektroni ivuke. Rudolph Marcus, mzaliwa wa Montreal, alianza kuchapisha hesabu za jambo hilo mwaka 1956, na Nobel yake ikaja 1992.

Je, wajua kwamba hesabu za Marcus zilizaa kioja? Ukiongeza msukumo wa nishati, mmenyuko unaenda mbio zaidi. Lakini ukipita kiwango fulani, kadiri unavyozidi kusukuma ndivyo mmenyuko unavyozidi kuzorota. Ushahidi wa wazi ulipatikana mwaka 1984.

Ndani ya mwili wako elektroni za chakula hupokezanwa na protini moja hadi nyingine mpaka zifike kwa oksijeni. Protini hizo hazihitaji kugusana: ndani ya protini elektroni huweza kuruka takriban nanomita 1.4 kwa mkupuo. Mwisho wa safari, kila molekuli ya oksijeni hupokea elektroni nne na kugeuka molekuli mbili za maji. Sianidi hung'ang'ania chuma cha kituo hicho cha mwisho. Foleni nzima inasimama, na seli zinakosa nguvu ilhali damu imejaa oksijeni. Ndiyo maana muhogo mchungu, ambao hutoa sianidi, hulowekwa, ukavundikwa na kuanikwa kabla ya kuwa unga. Anayeona kuloweka ni kupoteza muda anacheza na jambo zito.

Je, wajua kwa nini bati lililochubuka halianzi kutu papo hapo? Zinki iliyopakwa juu hutoa elektroni zake kwanza, na chuma kinapona maadamu zinki ipo. Humphry Davy alijaribu hila hiyo mwaka 1824 kwa meli za kivita za Uingereza zilizofunikwa shaba kwa chini, akifunga vipande vya chuma viliwe badala ya shaba. Shaba haikuliwa. Kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu kwa viumbe vya baharini; ilipoacha kuyeyuka, mwani na vijidudu vyenye magamba vikaota chini ya meli mpaka ikawa nzito kwenda.